Naandika riwaya ya vijana ya baada ya gonjwa kubwa. Mtoto mwenye kisukari anaweza kufika mwisho wa kitabu?

Binti wa Muheza

Habari za jioni wapendwa. Naombeni msaada, na mnivumilie maana nina mengi.

Mimi nauza duka la dawa muhimu hapa Muheza. Usiku nikishafunga naandika. Nina kaunta buku tatu zimejaa, ya nne nimefika katikati. Ni riwaya ya vijana. Gonjwa limepita, watu wengi wamekufa, miji imenyamaza. Binti wa miaka 16, Mwanaidi, anatoka Dar es Salaam kwa miguu na mdogo wake Shafii, miaka 9, wanakwenda Pangani kwa bibi yao. Wanapita Bagamoyo, wanavuka mto Wami, wanapita Saadani ambako wanyama wanashuka hadi ufukweni. Shafii ana kisukari, kile kinachowapata watoto, cha kuchoma insulini kila siku. Nimemweka hivyo kwa sababu mdogo wangu wa kweli anacho, na kitabu hiki namwandikia yeye.

Anapenda sana hizi riwaya za dunia iliyokwisha. Za kutoka nje amesoma zote alizozipata, nyingine kwenye simu, nyingine vitabu vilivyochakaa vya kuazimana shuleni. Siku moja alinirudishia kimoja akaniambia, "Dada, mtu kama mimi humu huwa anakufa ukurasa wa hamsini, ili wenzake wapate uchungu waendelee na safari." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Usiku uleule nikaanza kuandika.

Sasa amefika sura ya saba. Jumapili alinirudishia daftari, pembeni kaandika kwa penseli: *Insulini wanatoa wapi?* Nikakaa nayo ile karatasi. Mimi nauza dawa, lakini nilikuwa nimeandika tu "Mwanaidi akachukua dawa za Shafii", kisha nikawatembeza miezi minne.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Machi 2020 shule zilipofungwa, mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Wiki ya pili ya kukaa nyumbani akaanza kunywa maji kupita kawaida, kopo juu ya kopo, usiku anaamka mara tano kukojoa. Chooni sisimizi wakajipanga mstari. Tuliwaona, tukamwaga maji, tukapita. Akakonda mpaka kaptura tukaifunga kwa kamba. Ikaja asubuhi moja anahema, pumzi ndefu nzito kama aliyetoka kukimbia, na hali amelala. Mnakumbuka miezi ile mtu akihema watu walifikiri nini. Jirani aliyezoea kutuazima baiskeli alifunga mlango. Tulipofika kwenye kituo cha afya tukaambiwa tusubiri nje, chini ya mwarobaini, mbali na wenzetu. Tulikaa pale toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa anakwenda zake kula. Aliinama, akamnusa mdomoni. Akasema, "Huyu ananuka embe lililochacha. Hii ni sukari." Akambeba mwenyewe, hakungoja machela.

Nikiandika neno gonjwa, naona ule mwarobaini.

Kwa hiyo nauliza. Umeme ukikatika nchi nzima, insulini inakaa muda gani, na mtoto ataihifadhi wapi njiani kwenye joto la pwani? Na la pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi: kama ukweli ni kwamba mtoto huyu hawezi kupona, nina haki ya kumwokoa kwenye karatasi? Na nikimuua, nitamkabidhi vipi mdogo wangu sura hiyo aisome?

---

Fundi Jokofu, Dodoma

Salaam dada. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo, nazunguka zahanati za Dodoma na Singida. Swali lako la kwanza naliweza.

Umeme wa gridi usiuhesabu. Gridi inataka kinachozalishwa kilingane na kinachotumika sekunde kwa sekunde. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mashine 9, kila moja megawati 235. Mashine kubwa namna hiyo ikitoka na hakuna mtu chumba cha kuongozea, nyingine zinajizima zenyewe zisiungue. Na kuiwasha gridi iliyolala ni kazi ya watu wengi wanaoongea kwa simu kwa wakati mmoja. Kwenye hadithi yako hao watu hawapo. Giza liingie mapema, wiki za mwanzo kabisa.

Lakini kuna kitu sijawahi kukiona kwenye hadithi hizi. Zahanati nyingi za vijijini zina jokofu la chanjo la sola ya moja kwa moja. Halina betri. Paneli iko juu ya paa, waya unashuka hadi kwenye kompresa, kompresa inagandisha barafu iliyofichwa kwenye kuta za jokofu, na usiku ile barafu ndiyo inayotunza ubaridi. Limetengenezwa livumilie siku 3 au zaidi bila jua la maana. Joto ndani linabaki kati ya nyuzi 2 na 8, na insulini inataka hizohizo. Mhudumu wa mwisho akifunga mlango akaondoka, asubuhi jua likitoka jokofu lile litanguruma kama kawaida. Nimewahi kufika zahanati iliyofungwa miezi mitatu kwa sababu ya mafuriko, nyasi zimefika kiunoni, popo wamejaa dari, nikafungua kifuniko nikakuta kipimajoto kinasoma nyuzi 4. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kifuniko, sikujua niseme nini.

Kitakacholiua ni vumbi na kinyesi cha ndege kwenye paneli. Kwa hiyo wape watoto wako kitambaa na kopo la maji, wapande juu wafute. Huo ndio ufunguo wa safari yao: watembee kutoka zahanati hadi zahanati.

Mambo mawili ya kuangalia. Chupa isigusane na ukuta wa barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka inaonekana nzima. Na chupa ambayo haijafunguliwa, ikikaa humo, inafika tarehe yake, mara nyingi miaka 2 hadi 3 tangu itengenezwe. Nje ya jokofu watengenezaji wanahesabu kama wiki 4, na hapo joto lisizidi nyuzi 30 hivi.

Njiani kuna mtungi. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga, mchanga unamwagiwa maji, juu kitambaa kibichi, unauweka kivulini penye upepo. Singida unafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu, maji yanakauka haraka yakiondoka na joto. Pangani hewa yenyewe imejaa maji. Mtungi utakuwa umelowa tu, baridi hupati. Nakwambia mapema usije ukauandika halafu wa Pangani wakakucheka.

---

Tiba za Porini

Dada mbona unajitesa na majokofu. Porini kuna kila kitu. Mlonge, uwatu, mdalasini, mwarobaini wenyewe uliokaa chini yake. Babu zetu hawakuwa na sindano na waliishi. Mwandikie Shafii akutane na mganga wa kweli njiani apone, vijana wajue utajiri wetu.

---

Binti wa Muheza

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima kwa sababu naona una nia njema. Mwaka 2021 ndugu yetu mmoja, naye mwenye nia njema, alificha chupa za mdogo wangu akampa maji ya mizizi. Siku ya tatu mtoto anatapika, na ile harufu ya embe imerudi chumbani. Tulimkimbiza usiku kwa bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma, kichwa chake kinanigonga begani kila shimo la barabara.

Babu zetu nao walikuwa na watoto wa aina hii. Waliitwa wamerogwa, wakazikwa. Kongosho la mtoto huyu, kile kiungo cha tumboni kinachotengeneza insulini, halitoi kitu, na hakuna mti unaoitoa. Kama kuna kijana anasoma hapa na anachoma, nakuomba usiache sindano hata siku moja kwa ajili ya maneno ya mtu mtandaoni. Kwenye kitabu changu mganga atakuwepo, na atakuwa mtu mwema anayejua mipaka yake. Atawaambia, "Hili siliwezi, nendeni mbele."

Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma habari ya jokofu mara nne.

---

Mwalimu wa Fasihi, Kisauni

Dada, hujambo. Nafundisha fasihi huku Mombasa na wanafunzi wangu wanasoma riwaya za aina hii wakiweka ndani ya kitabu cha hisabati, nikiwapokonya nasoma mimi.

Kuhusu kumuua au kutomuua: mimi sikubali kwamba mwandishi mwenye huruma ni lazima aokoe. Kabla ya 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikufa, kwa kawaida ndani ya miezi au mwaka mmoja miwili, na dawa pekee waliyokuwa nayo madaktari ilikuwa kumnyima chakula ili achelewe. Dunia yako imerudi kule. Ukimwokoa kwa bahati, kwa chupa iliyookotwa mahali pazuri wakati mzuri, mdogo wako atajua. Vijana wananusa uongo wa namna hiyo kuliko sisi.

Ila nimesoma maelezo yako yote nikaona pengo. Mwanaidi tunajua anatoka wapi, anakwenda wapi, anabeba nini. Shafii umetupa ugonjwa wake, yeye mwenyewe hujatupa. Anapenda nini? Anaogopa nini? Anamkera dada yake kwa jambo gani? Akifa hivi alivyo sasa, atakuwa amekufa ukurasa wa hamsini hata ukimfikisha ukurasa wa mia tatu. Na akiishi hivi alivyo, bado ni mzigo wa Mwanaidi, begi lenye miguu. Nisamehe kwa ukali wa neno. Jibu hili kwanza, ndipo uamue habari ya kifo.

---

Mzee wa Kwamkoro

Mwanangu, nimesomewa na mjukuu wangu maandishi yako, naye ndiye anayeniandikia haya.

Unakaa Muheza. Kila asubuhi ukifungua duka unaiona milima. Mbona watoto wako unawapeleka Pangani kwenye joto na kuwaacha huko? Wafike Pangani kwa bibi, wapumzike, kisha wapande. Barabara ya Pangani inawaleta Muheza, kutoka Muheza ni Bombani, Kisiwani, Zigi, halafu unaanza kupanda Amani. Pale Zigi hewa inabadilika, mtu anahisi shingoni. Huku juu ni kama mita 900. Usiku hulali bila blanketi, na Juni na Julai mchana mzima unaweza kwenda na sweta. Chumba cha mawe upande usiopigwa na jua kinakaa na ubaridi siku zote. Sijui habari za mitungi, najua siagi. Pwani siagi inageuka mafuta, huku inakatika kwa kisu.

Na huku kuna maabara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo 1902, wakapanda miti ya kila nchi ambayo ipo mpaka leo. Waingereza baadaye wakakifanya kituo cha malaria. Mimi ujanani nilifanya kazi kwenye nyumba ya wanyama. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha panya weupe na sungura, kuosha vizimba, kuandika kwenye daftari nani kazaa na nani kafa. Saa moja asubuhi na saa kumi jioni, Jumapili na Idi. Wazungu walipoondoka na kazi kupungua, sisi tuliendelea kuosha chupa na kuzipanga kabatini, mdomo chini, kitambaa juu. Hakuna aliyetuambia tuendelee. Tuliona tu si vizuri mtu akirudi akute pachafu.

Basi watoto wako wakifika, waweke mzee mmoja pale aliyebaki na sungura wake na chupa zake safi. Siyo lazima uniweke mimi.

---

Muuguzi wa Beni

Dada yangu, nakusalimia kutoka Beni, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Nimekaa siku mbili nikifikiri kama nijibu, kwa sababu mambo haya kwetu hayajawa hadithi.

Ebola ilitangazwa huku tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa imekwisha 25 Juni 2020. Walikufa zaidi ya watu 2,200. Na wakati huohuo vita ilikuwa inaendelea, kwa hiyo usiku ulikuwa na risasi na mchana una maziko. Nimesoma riwaya moja mbili za vijana za magonjwa, na jambo moja ndani yake silikubali. Wanaandika kwamba ugonjwa ukija kila mtu anageuka mnyama, jirani anamwibia jirani, na mwenye nguvu ndiye anayebaki. Hofu niliiona. Wauguzi walipigwa mawe, watu walikimbia na wagonjwa wao usiku. Sifichi. Lakini niliyoyaona zaidi ni watu waliokwenda kuuguza wakijua wanaweza kufa.

Na tulikuwa na washindi. Hivyo ndivyo tulivyowaita waliopona. Mtu akishapona mwili wake unajua kupigana na ugonjwa ule, kwa hiyo anaweza kukaa karibu na watoto ambao wengine tunaogopa kuwashika bila mavazi ya plastiki. Mama akilazwa kwenye kituo cha matibabu, mtoto wake mchanga aliwekwa kwenye nyumba ya watoto jirani na kituo, na waliomlea pale walikuwa washindi. Namkumbuka mmoja, mwanamke ambaye alizika watu wanne wa nyumba yake. Alikuwa anambeba mtoto wa mtu asiyemjua, anatembea naye huku na huku nje ya ukuta wa plastiki, na ndani mama anamtazama kupitia dirishani. Alikuwa akimwinua mkono yule mtoto ampungie mama. Sisi tuliovaa miwani na mask na glavu mbili hatukuweza kumshika ngozi kwa ngozi, yeye aliweza.

Nakuomba uwaweke kwenye kitabu chako. Njia ya Mwanaidi ipite kwa waliopona. Wao ndio watakuwa wamebaki zahanati, kwa sababu wao ndio wangeweza kubaki. Wao ndio wanafuta hizo paneli anazosema fundi.

---

Mfamasia, Eldoret

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo. Niongeze hesabu, halafu niwape kisa kimoja cha kweli ambacho nadhani kinajibu hoja ya mwalimu.

Hesabu: chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtoto wa miaka 9 mwenye kilo 25 hivi anaweza kutumia yuniti 25 kwa siku, zaidi au pungufu. Chupa moja ni siku 40. Mwaka mzima ni chupa 9 na kidogo. Si mzigo mkubwa, zinaingia kwenye flaski pana ya chai. Chupa iliyofunguliwa tunaambiwa tuitumie ndani ya wiki 4 hivi, na mgonjwa wa leo afuate hivyo, lakini siku ya 29 haigeuki maji, inapungua nguvu polepole. Mwanaidi ajifunze kuona dalili kwamba imechoka: anachoma kiasi kilekile na kiu inarudi, mkojo unarudi. Vipande vya kupimia sukari vikiisha, wale sisimizi wako watatoa jibu.

Kwa hiyo akikuta akiba kwenye bohari au hospitali moja kubwa, Shafii ana mwaka, pengine miwili. Hiyo siyo bahati ya uongo, ni hesabu. Swali ni baada ya hapo.

Kisa sasa. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, Toronto, Januari 1922. Dawa ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Miaka 20 baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kulikuwa na mwanamke kijana, mkimbizi Myahudi kutoka Chekoslovakia, Eva Saxl, anaishi Shanghai na mume wake Victor. Aliugua kisukari akiwa kule. Wajapani walipouteka mji wote, maduka ya dawa yakafungwa. Hakuna insulini. Mume wake alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, si daktari. Walipata kitabu cha udaktari kilichoeleza jinsi dawa ilivyopatikana mara ya kwanza, mkemia Mchina akawaachia nafasi ya maabara, wakaanza kununua kongosho za nyati wa maji machinjioni. Walijaribu kwa sungura: wanamnyima chakula, wanamchoma, wanaona kama sukari inashuka. Zamani yuniti yenyewe ilipimwa kwa sungura hivyohivyo. Ilipopatikana ilikuwa ya rangi ya kahawia. Eva akajichoma. Akaishi, na wagonjwa wengine wa mji ule wakaishi kwa dawa ileile. Alifariki 2002, mtu mzima kabisa.

Nasisitiza kwa wanaosoma: jambo hili halifanyiki jikoni. Walikuwa na maabara, asidi, pombe safi, watu wenye ujuzi na sungura wa kujaribia, na bado ilikuwa ni kucheza na kifo. Lakini lilifanyika. Dada Muheza, mzee amekupa maabara, chupa safi na sungura. Ng'ombe Tanga wapo.

---

Binti wa Muheza

Shikamoo mzee. Nimesoma barua yako dukani mteja amesimama mbele yangu, nikashindwa kumhudumia. Nikipata nafasi nitapanda nije nikuamkie.

Muuguzi wa Beni, pole sana dada, na ahsante. Yule mama na mkono wa mtoto nitamwandika, ila nitakutumia kwanza usome, ukiniambia nitoe nitatoa.

Mwalimu, neno lako la begi lenye miguu liliniuma siku nzima, kwa sababu ni kweli. Nikaamua nimpe mdogo wangu uzi wote asome, yeye ndiye anayehusika. Akakaa nao kibarazani mpaka giza, akiusogeza juu na chini. Nikamuuliza kama alivyouliza mwalimu: Shafii anapenda nini?

Hakufikiri hata kidogo. "Anapenda kupanda juu ya mapaa. Tangu mwanzo, kabla ya gonjwa. Mama yake alikuwa anamgombeza." Kisha akanieleza kama mtu anayemwelewesha mtoto: Mwanaidi ana miaka 16, ni mzito, bati za zahanati zimeoza, akipanda zitavunjika. Anayefuta paneli ni Shafii. Dada anabaki chini ameshika ngazi, anaogopa. Nikaona sura saba zangu zote zinageuka mbele ya macho. Nilikuwa nimeandika msichana anayembeba mdogo wake. Kumbe kila zahanati wanayofika, kila mshindi aliyebaki pale na wagonjwa wake, chanjo zake na friji linaloanza kupata joto, wanamngojea Shafii.

Kwa hiyo Pangani si mwisho tena. Bibi wanamkuta hai, wanakaa wiki tatu, joto linawafukuza, wanapanda. Mwalimu, sitaandika kwamba amepona. Kitabu kitaishia Amani, asubuhi, blanketi bado liko mabegani. Chupa nne zimebaki, siku 160. Mzee anafungua kizimba cha sungura. Chupa ya kwanza ya dawa ya kahawia iko mezani, haijajaribiwa.

Jana nimempa sura ya nane, ile ya zahanati ya kwanza. Nilijitahidi sana kwenye sehemu ya jioni: Shafii ameshuka kutoka juu ya paa, magoti yamechubuka, Mwanaidi anavuta dawa, anagonga bomba kutoa povu, anamshika mkono, anamchoma, naye anafumba macho. Nilidhani ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Leo asubuhi daftari liko mezani karibu na chai yangu. Aya ile ameipigia mstari mmoja wa penseli toka juu hadi chini, na pembeni ameandika: *Ajichome mwenyewe. Ana miaka tisa. Mimi nilianza na tisa.*